Moonmoon, Pluto au WordPress: kipi kikusanye makala za wanablogu wenu?

Chukulia mna kikundi cha wanablogu. Mmoja yuko Blogspot tangu enzi za Kikwete, mwingine ana WordPress yake ya kulipia, wawili wanaandika Medium, na yupo ambaye hata ukimuuliza anatumia nini hajui, ila kila Jumapili makala yake iko hewani. Mnataka ukurasa mmoja ambao msomaji akiufungua anakuta makala mpya za wanachama wote, ya leo juu, ya jana chini yake, kila moja na jina la aliyeiandika na kiungo cha kumpeleka kwa mwenyewe. Skripti, yaani programu ndogo za kazi hiyo, zipo nyingi, na karibu zote ni za bure na msimbo wake uko wazi. Shida ni kuchagua, maana kila anayekushauri anakusifia ile anayoitumia yeye.

Kwa ndani zinafanana. Karibu kila blogu ina mlisho, yaani faili la RSS au Atom lenye machapisho yake ya karibuni: kichwa, tarehe, mwandishi, kiungo, na maandishi yenyewe au dondoo lake. Skripti inaizungukia milisho yote kila baada ya muda, inachukua kilicho kipya, inakipanga kwa tarehe na kukimimina kwenye ukurasa mmoja. Zinapoachana ni hapa: makala ikishasomwa, inawekwa wapi?

Zipo zinazoonyesha tu. Zinatunza nakala ya muda, zinachora ukurasa, na makala ikizeeka ikatoka kwenye mlisho wa mwandishi, baada ya muda na kwako haionekani tena. Nyingine zinahifadhi: kila makala inaingia kwenye hifadhidata yako, inapata anwani yake kwenye tovuti yako, na inabaki hapo hata mwandishi akifunga blogu. Kabla hujaangalia sura, rangi, wala nani kasema nini, amua kwanza mnataka lipi kati ya hayo mawili. Maoni yangu nayasema mapema ili usome ukijua naegemea wapi: vikundi vingi vinahitaji kuonyesha tu, lakini vinaishia kusakinisha mtambo wa kuhifadhi kwa sababu WordPress ndiyo wanayoijua.

Wazo lenyewe huku kwetu si geni. Katikati ya miaka ya 2000 Kenya Unlimited, iliyotokana na umoja wa blogu za Kenya alioanzisha Daudi Were, ilikuwa ikikusanya makala za Wakenya wa nyumbani na wa ughaibuni. Mwaka 2007 Afrika Kusini ikaja Afrigator, iliyolenga bara zima. Miaka hiyohiyo Ndesanjo Macha, kupitia blogu yake ya Jikomboe, alikuwa akiwahimiza watu wafungue blogu na waandike kwa Kiswahili, na orodha za blogu za wenzio pembeni mwa ukurasa zilikuwa ndefu kuliko makala zenyewe.

Planet na Venus: babu wa ukoo

Skripti nyingi za kuonyesha tu zina asili moja, Planet, iliyoandikwa kwa lugha ya programu ya Python na Jeff Waugh na Scott James Remnant, na kupata umaarufu kupitia kurasa za jumuiya za GNOME na Debian. Ndiyo maana kurasa za namna hii hadi leo huitwa "sayari". Baadaye Sam Ruby akaichukua, akaisafisha na kuiongezea nguvu, akaiita Venus.

Venus ni programu nzuri. Inasamehe milisho iliyoharibika, ina vichujio, na mipangilio yake yote imo kwenye faili moja la maandishi. Lakini imeandikwa kwa Python 2, na Python 2 iliachwa kutunzwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Debian 12 haina tena Python 2 kwenye hazina yake. Utakutana na maelekezo mengi ya zamani yanayoanza na Venus, mengine yameandikwa vizuri kweli, na yote yatakugandisha hatua ya kwanza. Kama tayari unayo inafanya kazi kwenye seva ya zamani, anza kufikiria kuhama. Kama unaanza leo, ipite.

Moonmoon: folda moja na PHP

Moonmoon, iliyoanzishwa na Maurice Svay, ilichukua wazo la Planet ikaliweka kwenye PHP, lugha nyingine ya programu. Hili linaweza kuonekana dogo, ila kwa sisi ndilo lenye uzito, kwa sababu akaunti ya bei ya chini unayouziwa pamoja na kikoa cha .co.tz au .co.ke mara nyingi ni ya cPanel, paneli ya kusimamia tovuti kupitia kivinjari, yenye PHP. Huhitaji terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, wala hifadhidata.

Kusakinisha kunakwenda hivi. Unapakua kifurushi cha toleo kutoka GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu. Chukua kifurushi kilichokamilika, usichukue msimbo ghafi, la sivyo utatakiwa uwe na Composer ya kuvuta maktaba zake, na hapo urahisi wote umeisha. Unakifungua kwenye folda ndani ya public_html, tuseme "sayari". Folda za custom na cache lazima seva iweze kuandika ndani yake. Usipohakikisha hilo ukurasa utafunguka vizuri, lakini kila blogu unayoongeza itapotea ukibofya kuhifadhi, na utadhani programu ni mbovu. Kisha unafungua install.php kwenye kivinjari, unaipa sayari yako jina, unaweka nenosiri, basi. Kuanzia hapo unaingia kwenye ukurasa wa usimamizi, unabandika anwani ya mlisho, unaongeza.

Orodha ya blogu inakaa kwenye faili la OPML, muundo wa kuhifadhia orodha za milisho. Hilo ni jambo la kufurahia kuliko linavyosikika: OPML inasomwa na karibu kila kisomaji cha milisho, kwa hiyo siku mkitaka kuhama, orodha mnaibeba kama ilivyo, na mwanachama yeyote anaweza kuipakua na kuwasoma wenzake kwenye simu bila kupita kwenu. Pia moonmoon inatoa mlisho wake wa jumla wa Atom, wenye makala za wote.

Usipoweka chochote cha ziada, inasasisha pale mtu anapofungua ukurasa na nakala ya muda ikiwa imepitwa. Kwa sayari yenye blogu 10 hilo linatosha. Zikifika 40, na baadhi ziko kwenye seva za kusuasua, weka kazi ya cron, yaani amri inayojiendesha kwa ratiba, kwenye cPanel iite cron.php kila nusu saa, ili mgeni asiwe ndiye anayesubirishwa.

Udhaifu wake? Hakuna sehemu ya kutafuta ya maana, hakuna kurasa za kila mwandishi, na kumbukumbu ya zamani haipo. Sura yake ya kuanzia ni kavu na ukitaka kuipamba utagusa PHP na CSS kwa mkono. Maneno yake ya kiolesura yamo kwenye mafaili ya tafsiri ya maandishi matupu, kwa hiyo kuweka Kiswahili ni kazi ya jioni moja kwa mtu asiyeogopa faili. La mwisho, na la kuangalia kabla ya yote: mradi huu unatunzwa na watu wachache na matoleo hayatoki kila mwezi. Soma toleo unalopakua linataka PHP ipi, kisha nenda kwenye MultiPHP Manager ya cPanel ulinganishe. Kampuni ikikupandishia PHP yenyewe usiku, asubuhi unaweza kukuta ukurasa mweupe.

Pluto: kwa wasioogopa terminali

Pluto, ya Gerald Bauer, ni ya ukoo uleule ila imeandikwa kwa lugha ya Ruby. Inasoma faili moja la mipangilio, inavuta milisho, inaweka kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite, kisha inatema kurasa za HTML zilizokamilika. Faili lenyewe linafanana hivi:

title = Sayari ya Wanablogu

[mapishi]
title = Jiko la Pwani
link = https://jina-la-blogu.blogspot.com
feed = https://jina-la-blogu.blogspot.com/feeds/posts/default

Unaisakinisha kwa "gem install pluto", unaiendesha kwa "pluto build planet.ini", na ukurasa unatoka. Ukurasa uliotoka hauna PHP, hauna nenosiri, hauna mlango wa usimamizi. Hakuna cha kudukuliwa upande huo. Unaweza kuuweka popote panapokubali HTML.

Na hapo ndipo ninapoipendea kwa vikundi vya watu wa programu, wa chuo kwa mfano. Faili la mipangilio mnaliweka GitHub. GitHub Actions, huduma yao ya kuendesha amri, inaendesha Pluto kwa ratiba, matokeo yanakwenda GitHub Pages, huduma yao ya kuweka kurasa mtandaoni, na hamlipi senti kwa seva. Mwanachama mpya akitaka kuingia, anajiongezea mistari yake kwenye faili na kutuma ombi. Mnaona nani kaongeza nini na lini. Tahadhari mbili: ratiba za GitHub Actions si za kuamini kwa dakika, zinaweza kuchelewa pale mitambo inapoelemewa; na kwenye hazina ya wazi, ratiba huzimwa yenyewe hazina ikikaa siku 60 bila shughuli yoyote. Kikundi kikipoa miezi miwili, sayari nayo inasimama, tena kimya kimya.

Kwa akaunti ya kawaida ya cPanel, Pluto nakushauri uiache. Ruby kwenye hosti za pamoja ni bahati nasibu, na muda utakaotumia kubembeleza gem moja, yaani kifurushi cha Ruby, ikubali kusakinika ungetosha kuweka moonmoon mara kadhaa na kunywa chai.

WordPress na FeedWordPress: kuhifadhi kila kitu

Hii ndiyo njia inayovutia wengi, na si bila sababu. WordPress imekuwepo tangu 2003, fundi wake hakosekani mtaani, na violezo vizuri vimejaa. Programu-jalizi ya FeedWordPress inageuza tovuti ya WordPress kuwa kikusanyaji: unaitafuta kwenye orodha ya programu-jalizi, unaiwasha, menyu ya "Syndication" inatokea pembeni, unabandika anwani za milisho. Kila makala inayoingia inakuwa chapisho kamili la WordPress. Ina mwandishi wake, kategoria zake, inatafutika, inaweza kupangwa na kubandikwa juu kama "makala ya wiki".

Kama mnataka kumbukumbu ya kudumu, hapa ndipo mahali pake. Blogu za Kiswahili zilizokufa na makala zake ni nyingi mno: kikoa hakikulipiwa, mwandishi akahamia Facebook, akaunti ikafutwa. Kikundi kinachotaka kutunza maandishi ya wanachama wake, kwa ridhaa yao, kina sababu ya haki ya kujitwisha WordPress.

Lakini ni kujitwisha kweli. Angalia kwanza kipengele kinachoamua kiungo cha kichwa cha habari kinakwenda wapi: kwa mwandishi, au kwenye nakala yako. Ukikiacha kielekeze kwa mwandishi, msomaji anabofya na kufika kwa mwenyewe. Ukikielekeza kwako, wewe ndiye unayechuma wasomaji wa jasho la mwenzio, na injini za utafutaji zinaona makala ileile mara mbili na kuchagua moja. Si ajabu zikaichagua ya kwako, hasa tovuti yako ikiwa kubwa. Ugomvi wa vikundi vya namna hii mara nyingi huanzia hapo hapo, pale mtu anapotafuta kichwa cha makala yake na kukuta jina la tovuti nyingine juu. Kwa kikundi, elekeza kwa mwandishi. Sioni sababu ya kufanya vinginevyo isipokuwa kwa blogu iliyokwisha fungwa.

Pili, usasishaji. WordPress ina cron yake ya bandia inayoamka mtu anapotembelea tovuti. Tovuti isiyo na wageni usiku haisasishwi usiku, na mgeni wa alfajiri anakuta ya jana. FeedWordPress ina anwani maalumu ya kuiamsha, kwa hiyo weka cron ya kweli ya cPanel iite mstari huu:

curl --silent "https://tovuti-yenu/?update_feedwordpress=1"

Tatu, programu-jalizi nyingine hazijui kwamba makala imeingia yenyewe. Ile inayotuma barua pepe kwa waliojiandikisha itatuma kila inapoingia makala. Ile inayorusha kwenye mitandao ya kijamii itarusha. Siku ya kwanza, ukiunganisha blogu 20 ambazo kila moja mlisho wake una machapisho 25, unazaa machapisho 500 kwa mkupuo, na waliojiandikisha wanaweza kupata barua 500. Zima hizo zote kabla hujaongeza mlisho wa kwanza, uziwashe baadaye kwa kuchagua.

Ongeza na mambo ya kawaida ya WordPress: kusasisha toleo, nakala rudufu, maoni ya spamu, hifadhidata inayonenepa. FeedWordPress yenyewe husasishwa kwa nadra. Zipo nyingine hai zaidi, WP RSS Aggregator kwa mfano, lakini huko sehemu inayogeuza mlisho kuwa machapisho kamili ni ya kulipia.

Watumiaji wa Drupal wataniuliza mbona nimewasahau. Moduli yao ya Aggregator ilikuwa ndani ya Drupal yenyewe kwa miaka mingi, ikaondolewa kwenye Drupal 10 na sasa inasakinishwa pembeni. Kama tovuti yenu tayari ni Drupal, itumieni. Kuanzisha Drupal kwa ajili ya kukusanya milisho peke yake ni kukodi lori kwenda kununua mkate.

Kwa wanaopenda kuona vitu vikiwa ubavu kwa ubavu:

| | Moonmoon | Pluto | WordPress + FeedWordPress |
|---|---|---|---|
| Inataka | PHP | Ruby na terminali | PHP na MySQL |
| Inahifadhi makala? | Nakala ya muda tu | Kwenye SQLite yako | Ndiyo, kama machapisho |
| Kuongeza blogu | Ukurasa wa usimamizi | Kuhariri faili | Menyu ya Syndication |
| Kutafuta ndani | Hakuna la maana | Hakuna | Kupo |
| Likiharibika, mwite | Anayejua PHP kidogo | Aliyesakinisha | Fundi yeyote wa WordPress |

Mstari wa mwisho wa jedwali hilo una uzito kuliko yote ya juu yake. Aliyesakinisha akipata kazi mkoani au akaolewa Muscat, nani anajua nenosiri? Kwa WordPress, mrithi hupatikana. Kwa Pluto, asipokuwepo mwingine wa kuelewa lile faili, sayari inakufa na aliyeianzisha akiwa hai.

Milisho yenyewe, na bando la msomaji

Skripti yoyote utakayochagua, nusu ya kazi ni kuzipata anwani sahihi za milisho. Blogspot: ongeza /feeds/posts/default mwishoni mwa anwani. WordPress: ongeza /feed/. Medium: medium.com/feed/ ikifuatiwa na @jina. Kama mwanachama anaandika mambo mengi na nyinyi mnataka ya teknolojia tu, usichukue mlisho mzima. Blogspot inatoa mlisho wa lebo moja (/feeds/posts/default/-/Teknolojia, herufi kubwa na ndogo zikifuatwa kama alivyoandika), na WordPress wa kategoria (/category/teknolojia/feed/). Hii inaondoa ile aibu ya makala ya msiba wa familia kutokea katikati ya mafunzo ya Python.

Mlisho ukija na kichwa tu bila maandishi, tatizo haliko kwenye skripti yako. Kwenye mipangilio ya Blogspot mwandishi anachagua mlisho uwe kamili, dondoo, au usiwepo kabisa. Mwombe. Na akikataa kutoa kamili, ni haki yake, dondoo linatosha.

Sasa picha. Blogu zetu nyingi ni za picha: harusi, mkutano wa hadhara, ziara ya waziri, picha 20 kwenye chapisho moja na maelezo mistari miwili. Blogu ya aina hiyo ikichapisha mara sita kwa siku, ukurasa wako wenye makala 60 unageuka mzigo wa mamia ya picha, na msomaji wa simu analipia kila moja kwa bando lake. Picha hizo kwa kawaida hazikai kwako. Zinavutwa kutoka kwa mwandishi kila ukurasa unapofunguka. Dawa ni kupunguza idadi ya makala kwa ukurasa na kuonyesha dondoo badala ya makala nzima. Moonmoon ina mipangilio ya kukata urefu wa makala na kuondoa HTML. Kwenye WordPress ni suala la kiolezo kuonyesha muhtasari. Kwenye Pluto unahariri kiolezo chenyewe. Mimi ningeanza na dondoo kwa wote, hata kwa wasio na picha. Msomaji anayetaka zaidi abofye, na mwandishi apate hesabu ya wageni wake.

Usalama nao. Unaporuhusu mlisho wa mtu uingie kwenye ukurasa wako, unaruhusu HTML ya mtu iingie. Mwaka 2003 Mark Pilgrim alionyesha hatari hiyo kwa mzaha: alipachika JavaScript kwenye mlisho wake, na visomaji visivyosafisha vikajikuta vimejaa picha za mnyama aitwaye platypus. Maktaba za siku hizi, SimplePie kwa mfano, ambayo WordPress na moonmoon zinaitegemea, huondoa vitu vya aina hiyo. Usizime usafishaji huo kwa sababu tu video ya mwanachama mmoja haionekani.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji mdukuzi. Mwanachama anaacha kulipia kikoa chake, mtu mwingine anakinunua, na anwani ileile ya mlisho inaanza kutema matangazo ya kubeti. Skripti haijui kwamba mwenye nyumba kabadilika. Kwenye moonmoon unafuta blogu kwenye orodha na uchafu unatoweka. Kwenye WordPress uchafu umeshakuwa machapisho, kwa hiyo unapoiondoa blogu soma vizuri chaguo unazopewa: kuacha kufuatilia huku ukibakiza makala, au kufuta na makala zake. Kwa mwanachama wa kweli aliyestaafu unabakiza. Kwa hawa wa kubeti unafuta zilizoingia baada ya kikoa kuuzwa, na hiyo ni kazi ya mkono.

Usigonge seva za watu kila dakika. Kila nusu saa inatosha, kila saa pia. Skripti nzuri huiuliza seva kama kuna kilichobadilika, na seva ikijibu 304, yaani hakuna jipya, haipakui tena faili zima. Hata hivyo, blogu iliyoko kwenye hosti ya bei rahisi inaweza kukufungia ikiona anwani moja inabisha mlango bila kupumzika.

Ridhaa na leseni

Kuonyesha kichwa, dondoo na kiungo ni jambo moja, kuhifadhi makala nzima ya mtu kwenye tovuti yako ni jingine. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na hakuna hata moja inayosema kwamba kwa kuwa mlisho uko wazi basi kilichomo ni cha wote. Kwa WordPress, pata ridhaa ya maandishi ya kila mwanachama, hata ujumbe mfupi wa WhatsApp unaosema nimekubali makala zangu zihifadhiwe na viungo virudi kwangu. Kwa moonmoon na Pluto bado uliza, kwa adabu tu, na mwenye kusema mniondoe aondolewe siku hiyohiyo.

Kwa walioko Tanzania kuna la ziada. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu kukata leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ada zilizopita shilingi milioni 2, na JamiiForums ilijifunga kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo usitegemee makala ya zamani, hata hii. Kama wanachama wenu wanaandika habari na siasa, waulizeni TCRA kabla hamjazindua, kwa sababu ukurasa unaokusanya habari za wengine unaweza kuhesabiwa kama chombo cha habari, na jina litakaloonekana kwenye usajili wa kikoa ni lako, si la mwandishi.

Basi chagua

Mna akaunti ya cPanel, blogu zisizozidi 50, na hakuna mtu wa kukesha na tovuti: moonmoon, dondoo badala ya makala nzima, cron kila nusu saa. Ndiyo ningeiweka kwa kikundi cha kawaida bila kusita.

Ni kikundi cha waandika programu, angalau watatu wanaoelewa Git: Pluto kwenye GitHub. Watatu, kwa sababu mmoja atahama na mmoja atachoka.

Mnataka kumbukumbu, kutafuta, ukurasa wa kila mwandishi, na mna mtu, ikiwezekana wa kulipwa kidogo, atakayesasisha na kupiga nakala rudufu: WordPress na FeedWordPress, viungo vikielekezwa kwa waandishi. Weka saa za tovuti kuwa za Dar es Salaam au Nairobi kabla ya kuvuta chochote, au makala ya saa moja asubuhi itaandikwa imetoka saa kumi usiku na wanachama watakuuliza hadi uchoke.

Na kama blogu zenyewe ni tano au sita, msisakinishe kitu. Blogspot ina kifaa cha pembeni cha orodha ya blogu kinachoonyesha chapisho jipya la kila mmoja. Kiwekeni kila mtu kwake, mwendelee kuandika.